Deskitopu kwenye joto la Pwani: rejeta ya maji au mnara wa hewa?

MLETA UZI (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii pekee nimepigiwa simu na watu watatu wanaotaka kufunga deskitopu, na wote wameuliza jambo moja: waweke kipozeo cha maji au cha hewa? Nimeona niandike hapa kwa kirefu, na wenye uzoefu tofauti na wangu waongeze.

Mimi nahariri video za harusi na sendofu. Chumba changu cha kazi kipo Tabata, ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati, na hadi mwaka jana hakikuwa na kiyoyozi. Kuanzia Desemba mpaka Machi kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinasoma nyuzi 31 hadi 33 mchana, na usiku hakikushuka sana. Prosesa ya mashine yangu ni Ryzen 9 5900X. Kwenye boksi imeandikwa wati 105, lakini ukiipa kazi ya kweli inakula mpaka 142, na kiwango chake cha mwisho cha joto ni nyuzi 90. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe.

Nilianza na maji. Rejeta ya milimita 240, zile zilizofungwa kiwandani ambazo hujazi maji wala hufungui kitu. Ilinipendeza macho, na niliamini kabisa kwamba maji ndiyo jibu la joto la Dar. Ikiwa mpya, nikiwa natoa video ya saa mbili na chumba kipo nyuzi 31, prosesa ilikaa 79. Nikaridhika.

Mwaka wa tatu pampu ilianza kutoa sauti kama mtu anayegugumia maji. Sikuijali. Jumamosi moja ya Desemba, nina harusi mbili za kukabidhi Jumatatu, mashine ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Nikaingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe: prosesa haina kazi yoyote, iko 88 na inapanda. Nikagusa mipira inayopitisha maji, mmoja wa moto, mwingine wa baridi. Maana yake maji hayazunguki, pampu imekufa.

Nilizunguka Kariakoo siku nzima nikitafuta pampu. Hakuna anayeuza pampu peke yake, kwa sababu imeunganishwa moja kwa moja na kibao cha shaba kinachokaa juu ya prosesa. Ukinunua, unanunua rejeta nzima. Na rejeta nzima siku hiyo sikuipata kwa saizi yangu. Jioni fundi mmoja akaniuzia mnara wa hewa, wenye safu mbili za mapezi, mabomba sita ya shaba na feni mbili za milimita 120. Nikaufunga usiku, nikawasha kazi, chumba kile kile, joto lile lile. Prosesa ikakaa 82.

Nyuzi tatu. Tofauti niliyokuwa nimeilipia zaidi ya mara mbili ya bei ilikuwa nyuzi tatu. Harusi zote mbili zilitoka Jumatatu asubuhi, na mnara ule ndio ninaoutumia mpaka leo.

Sasa nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi tunapodanganyika.

Tunafikiri kwa mfano wa magari. Pikipiki za bodaboda nyingi hupozwa na upepo, ndiyo maana injini zake zina mapezi. Gari lina rejeta, na gari ndilo lenye nguvu. Kwa hiyo rejeta ni bora. Lakini angalia gari lenyewe: maji hayalipozi. Maji yanabeba joto kutoka kwenye injini kulipeleka mbele, na huko mbele kinacholiondoa ni upepo. Kwenye kompyuta ni vilevile. Lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa, hilo ni kweli, ila mwisho wa safari joto lote linakabidhiwa kwa hewa ya chumba chako. Ikiwa chumba kipo nyuzi 32, maji yale hayawezi kushuka chini ya 32 hata ukinunua rejeta ya bei gani.

Na mnara wa hewa nao una maji ndani yake! Yale mabomba ya shaba si vyuma vitupu. Ndani yamenyonywa hewa, yakawekwa maji kidogo sana, na kuta zake zina tabaka la unga wa shaba ulioshikana linalonyonya kama utambi wa koroboi. Hewa ikiwa haba, maji huchemka kwa joto dogo. Waliopanda Kilimanjaro wanajua kwamba kule juu chai huchemka kabla haijawa ya moto ipasavyo; kileleni, mita 5,895, maji huchemka karibu na nyuzi 80. Ndani ya bomba mgandamizo ni mdogo zaidi kuliko huko. Basi maji yanageuka mvuke upande wa prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, utambi unayarudisha chini. Hakuna pampu wala mota. Kinachozunguka ni feni peke yake, na feni ya milimita 120 unaipata duka lolote la kompyuta.

Maji yanashinda wapi? Kwenye mambo mawili. La kwanza ni wati nyingi mfululizo. La pili ni kazi za mishtuko. Rejeta ina maji ya kutosha kumeza joto la ghafla taratibu, kwa hiyo feni hazipandi na kushuka kila unapofungua programu. Mnara wa hewa hupanda haraka. Anayerekodi sauti chumba hicho hicho atalisikia hilo, ingawa unaweza kuituliza kwa kuchelewesha feni kwenye bayosi.

Kwa kifupi cha kazi: prosesa yako ikiwa chini ya wati 150, nunua mnara mzuri wa hewa, pesa inayobaki ongeza kwenye ramu au diski. Karibuni.


MCHANGIAJI (Nairobi)

Mkuu, umeandika vizuri lakini usiwatoe watu kwenye maji moja kwa moja. Mimi nafanya michoro ya majengo ya pande tatu, natumia prosesa ya Core i9-14900K. Hiyo kitu Intel wenyewe wameiwekea wati 253 kwa kazi kamili, na wati hizo si za sekunde kumi tu, zinaendelea kwa muda wa saa sita, usiku kucha. Nilijaribu mnara mkubwa kabisa wa feni mbili za milimita 140. Dakika chache tu iko 100, inajishusha kasi. Nikaweka rejeta ya milimita 360, ikakaa kwenye 90 na kitu, kasi haishuki. Kwangu hiyo ni saa nzima ninayookoa kwa kila kazi, na mteja analipa kwa muda.

Kitu kingine ambacho watu wa huku juu hawakifikirii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Baridi yetu inasaidia, lakini hewa yenyewe ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Feni ikizunguka mara zile zile inasukuma hewa yenye uzito mdogo, inabeba joto dogo zaidi. Kwa hiyo ukisoma vipimo vya mtu wa Ulaya aliyeko usawa wa bahari, ujue vyako havitalingana.


MLETA UZI

Mkuu wa Nairobi, sina ubishi nawe hata kidogo, na ndiyo maana nikaandika wati nyingi mfululizo. Kwa 253 usiku kucha hata mimi ningeweka 360. Hilo la hewa nyepesi nakiri sikuwa nimelifikiria, ila nadhani linaigusa rejeta vilevile, maana nayo inategemea feni.

Swali langu kwako: umejaribu kuibana wati? Rafiki yangu ana Ryzen 9 7950X. Ikiachwa inakula mpaka wati 230 na imetengenezwa ipande hadi nyuzi 95 kwa makusudi. Akaiweka kwenye ile hali ya kubana matumizi ndani ya bayosi, ikashuka mpaka wati 88. Kasi ilipungua, ndiyo, lakini si kwa kiasi unachokitegemea ukiona wati zimekatwa zaidi ya nusu. Wati za mwisho ndizo ghali. Zinaleta joto kubwa kwa kasi ndogo. Ninavyoona mimi, kabla mtu hajanunua rejeta kubwa, ajaribu kwanza kubana wati. Ni bure.


MCHANGIAJI (Nairobi)

Nimeibana kwenye 200 kwa kazi za mchana, nikiwa nimekaa nayo. Usiku naiachia. Nakubali, tofauti ya 200 na 253 ni dakika chache kwenye saa.


MCHANGIAJI (Mombasa)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Nyali, dirisha langu latazama bahari. Sijaona mtu akitaja chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma, na rejeta hizi mapezi yake ni alumini nyembamba kama karatasi. Yangu baada ya miaka miwili ina unga mweupe pembeni. Haijavuja, alhamdulillahi, lakini kila nikiitazama roho haitulii, kwa sababu chini yake ndipo ilipo kadi ya grafiki. Nifanyeje?


MLETA UZI

Waaleikum salaam ndugu yangu. Unga huo mweupe ni alumini inayolika kwa chumvi na unyevu. Ukiwa nje ya mapezi tu si hatari ya leo wala kesho. Cha kuangalia ni pale mipira inapoingia na kwenye kingo za rejeta. Zima mashine, chomoa umeme, pitisha karatasi nyeupe ya chooni kuzunguka viungo vyote. Ikitoka na unyevu au rangi, usiiwashe tena.

Funga dirisha linalotazama bahari wakati mashine inafanya kazi. Minara mingi ina shaba iliyopakwa nikeli na mapezi ya alumini, nayo chumvi itaigusa, lakini mnara ukilika mapezi hauna kitu cha kumwaga juu ya kadi yako.

Na ulivyoifunga, imekaaje? Hapa ndipo mafundi wetu wengi wanakosea. Maji ndani ya rejeta iliyofungwa hupungua polepole, yanapenya kwenye mpira kadiri miaka inavyokwenda. Nafasi yake inachukuliwa na hewa, na hewa hukimbilia juu. Pampu ikiwa ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, hewa itaingia kwenye pampu, itaanza kugugumia kama yangu, itakufa. Rejeta ikae juu ya kasha, au mbele lakini kichwa chake kiwe juu kuliko pampu. Usikubali kamwe ifungwe chini.


MCHANGIAJI (Mombasa)

Ya Rabi. Fundi aliifunga chini, akasema ndiyo inapendeza. Nitaihamisha kesho, inshallah.


MCHANGIAJI (Dodoma)

Nyie wa Pwani mna chumvi, sisi tuna vumbi. Hapa kiangazi kikishika, wiki tatu tu mapezi ya rejeta yameziba kama blanketi. Mapezi ya rejeta yamebanana kuliko ya mnara, na vumbi linajificha kati ya feni na rejeta ambako hulioni mpaka ufungue skrubu. Mnara nauona kupitia kioo, napitisha brashi ya kupakia rangi na blowa, dakika tano nimemaliza.

Angalizo kwa wanaotumia blowa: shika feni kwa kidole isizunguke. Ukiiacha ipepee kwa upepo wa blowa inazunguka kuliko ilivyopangiwa, beringi inakufa. Mimi niliua mbili kabla sijajua.


MWANAFUNZI (Morogoro)

Kaka mleta uzi, shikamoo. Mimi nina Ryzen 5 5600 na kile kipozeo kidogo kilichokuja kwenye boksi. Nikicheza gemu inafika 88. Marafiki wananiambia niweke rejeta ya 240. Nimejichanga kwa muhula mzima, pesa ya rejeta ninayo lakini ndiyo yote niliyo nayo. Nishauri.


MLETA UZI

Marahaba mdogo wangu. Tafadhali usitoe pesa hiyo bado. Prosesa yako ni ya wati 65, kilele chake ni 76. Huo ni mzigo mdogo. Rejeta ya 240 kwake ni sawa na kukodi fuso kuhamisha begi moja.

Joto la 88 kwenye gemu lina sababu yake na nataka tuijue kwanza. Niambie: kasha lako mbele ni wavu au kioo? Lina feni ngapi, na zinaelekea wapi? Pesti, ule ute unaokaa kati ya prosesa na kipozeo, ilipakwa lini? Na chumba kina joto gani?


MCHANGIAJI (Mbeya)

Wakati mdogo wetu anajibu, niseme jambo moja linaloumiza watu wa mikoani. Minara hii mizuri ni mizito. Noctua NH-D15 na feni zake ni zaidi ya kilo 1.3, na yote hiyo inaning'inia kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa mashine, iliyosimama wima. Nilifungiwa mashine Dar, ikapakiwa kwenye basi usiku ikiwa na mnara ndani, ikapita matuta yote ya barabarani mpaka Mbeya. Nilipofungua, mnara umelala juu ya kadi ya grafiki, na mazabodi imepasuka kwenye tundu za skrubu. Aliyenifungia hakuniambia chochote kuhusu kuutoa.

Kwa anayesafirisha: toa mnara, uweke boksi lake, mashine ilazwe ubavu, mazabodi iwe chini. Ukifika unapaka pesti upya na kufunga, kazi ya nusu saa. Hapa rejeta ina nafuu ya kweli, maana uzito wake umeshikwa na kasha.


MLETA UZI

Pole sana mkuu. Hili ni muhimu na sikuliandika. Na kabla ya kununua mnara pima upana wa kasha: NH-D15 ina urefu wa milimita 165, makasha mengi ya bei ya chini yanaishia 160 au chini yake, na kioo hakitafunga. Kuna minara ya milimita 155 kama Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright, ambayo uwezo wake hauko mbali, na bei yake huko nje ni chini ya nusu ya ile. Angalia pia ramu ndefu zenye taa, feni ya mbele inaweza kuzigonga.

Wenye Dell OptiPlex na HP za ofisi zilizotumika, zinazouzwa sana mjini, nyingi mazabodi na makasha yake ni ya saizi ya kwao wenyewe. Usinunue kipozeo cha aina yoyote kabla hujaifungua na kuona tundu za skrubu.


MCHANGIAJI (Muscat)

Salaam kutoka Oman. Huku kiangazi nje inapita nyuzi 45, na nimetumia vyote viwili. Ninachoweza kusema ni kwamba tofauti kubwa niliyoiona maishani haikutoka kwenye kipozeo, ilitoka kwenye kiyoyozi. Chumba kikishuka nyuzi kumi, prosesa inashuka karibu nyuzi kumi, na kadi ya grafiki nayo, na diski nayo. Rejeta ya prosesa haiwasaidii hao wengine hata kidogo.


MLETA UZI

Kabisa. Nilipoweka kiyoyozi mwaka jana na kukipanga 24, mnara wangu ukatoka 82 hadi 75, na mimi mwenyewe nikaacha kulowa jasho. Watu wasahau wazo kwamba rejeta inapoza chumba. Mashine yangu, prosesa na kadi kwa pamoja, inamwaga kama wati 350, sawa na taa sita za zamani za wati 60 zikiwaka mchana kutwa. Zinamwagwa chumbani zote, uwe na maji au hewa.


MWANAFUNZI (Morogoro)

Kaka, samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Kasha mbele ni kioo kitupu. Kuna feni tatu nyuma ya kioo hicho, moja nyuma ya kasha. Zote zina taa. Pesti ni ile iliyokuja na kipozeo, miaka miwili sasa. Chumba sijui, lakini ni cha moto, tupo wanne.


MLETA UZI

Chukua kipande cha karatasi nyepesi. Mashine ikiwa imewashwa, kisogeze kwenye uwazi wa pembeni mwa kioo cha mbele, kisha kwenye feni ya nyuma. Niambie karatasi inavutwa au inasukumwa.


MWANAFUNZI (Morogoro)

Mbele inasukumwa. Nyuma pia inasukumwa.


MLETA UZI

Basi feni zote nne zinatoa hewa na hakuna inayoingiza. Aliyefunga aligeuza za mbele ili upande wenye taa ndio uonekane. Kipozeo chako kinakosa hewa mpya. Zima, chomoa umeme, fungua zile tatu za mbele, uzigeuze. Upande wenye nguzo za plastiki zinazoshika mota ndio hewa inakotokea, huo utazame ndani ya kasha. Kioo ukiweza kitoe kabisa, au kiinue kwa vipande vya mpira kipate upenyo wa kidole. Halafu futa pesti ya zamani kwa kitambaa na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, rudisha kipozeo ukikaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo.


MWANAFUNZI (Morogoro)

Kaka, nimemaliza sasa hivi. Nimecheza gemu lile lile kwa saa nzima na kioo nimekitoa. Juu kabisa imefika 77. Taa hazionekani vizuri tena lakini sijali. Pesa ya rejeta nimebaki nayo. Niongeze ramu au ninunue mnara?


MLETA UZI

Una ramu kiasi gani?


MWANAFUNZI (Morogoro)

GB 8, kijiti kimoja.


MLETA UZI

Ramu. Nunua kijiti cha pili chenye kasi ile ile, na ukifika dukani nenda na hicho cha kwanza mkononi walinganishe.